Itika, Usiulize

Adhana ya magharibi ndiyo kwanza ilikuwa imekwisha pale Majengo. Sidi alikuwa ametoka dukani na pakiti ya unga na kiberiti, akainama uani kuwasha jiko. Chumbani alikuwemo bintiye Mejumaa, wa miaka sita. Tangu nyanyake, mamake Sidi, azikwe, mtoto hakuwa na usingizi, na Sidi alishachoka kumwombea peke yake. Ndiyo maana akaenda kwa Dishon.

Dishon alijiita kiongozi wa kiroho. Kanisa hana, ana chumba juu ya ghala moja Shimanzi, na sauti laini kupita kiasi. Ijumaa iliyopita alimwuliza Sidi jina alilokuwa akiitwa na marehemu mamake.

"Kadzo," akajibu Sidi. Hakuna mwingine aliye hai aliyelijua. Dishon akauliza na la mtoto, akayaandika yote mawili.

"Mungu atakuita kwa jina hilo, kama alivyomwita Samweli. Ukiitwa, itika. Usiulize."

Usiulize! Neno hilo lilimkaa Sidi kooni kama mwiba wa samaki. Mama Jacinta, katekista wake tangu utotoni, alimfunza kinyume.

"Kiongozi wa kweli haogopi kuulizwa, mwanangu. Roho hupimwa."

"Kadzo..."

Sauti ilitoka nje ya mlango wa bati wa uani. Sauti ya mamake.

Harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani. Alitamani kuitika, jamani, alitamani mno! Kipepeo cha jiko kikamponyoka.

"Ni nani?" akanong'ona.

Kisha kucha... zikikwaruza bati.

"Kadzo... itika, mwanangu. Usiulize."

Sidi akauma midomo. Mamake hakumkataza kuuliza hata siku moja. Neno lile alilijua limetoka wapi.

Simu ikalia, akaipokea. Dishon.

"Mbona huitiki?"

Sidi akaikata. Amejuaje?

Kukwaruza kukakoma. Akashusha pumzi, akajiona ameshinda.

"Mejumaa..."

Adabu ya kuitika Sidi mwenyewe ndiye aliyemfunza mwanawe, tena akijisifia kwa majirani: mkubwa akikuita, usingoje akuite mara ya pili. Mwanamume huitika naam, mtoto wa kike huitika abee. Sidi akakurupuka kumziba mdomo...

"Abee, nyanya!" Mejumaa akaitika kutoka ndani.

Harufu ya udongo ikatoweka.

Usiku ule mtoto alilala fofofo. Dishon hakuonekana tena Shimanzi, na simu yake haikupatikana. Mama Jacinta alikuja asubuhi kuomba. Akamshika mtoto kichwani, akautoa mkono upesi. Alipoondoka, Sidi akamimina chai, akajilazimisha kuita kama kila siku.

"Mejumaa! Njoo unywe chai."

Mtoto akaitika kutoka chumbani, kwa sauti laini kupita kiasi.

"Naam."