Upande wa Kulia

Picha iliyoibwa ilikuwa moja tu, tena ile iliyochorwa nusu.

Inspekta alisimama katikati ya chumba cha kazi cha mchoraji akikuna kidevu. Picha nyingine zilikuwa palepale ukutani, zimejaa mistari na pembetatu za udongo mwekundu na mweupe, kama zile ambazo wanawake wa kwao walichora zamani kwenye kuta za nyumba. Hizo ndizo zilizompa jina mjini, na mwizi alizipita zote. Mlango haukuvunjwa. Mtaalamu wa polisi alikuta alama ngeni za vidole kwenye kitasa, safi kabisa, za mtu asiyejificha.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Dada yangu. Nilimpa nilipohamia hapa. Lakini hajawahi kuja."

"Umewahi kumwita?"

Mchoraji akatazama brashi zake. Akasema ana shughuli nyingi, maonyesho yanafunguliwa Jumamosi, na picha ile ndiyo ilitakiwa ikae mlangoni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Inspekta akamwambia apande gari.

Njiani alimdodosa. Mama yao ndiye aliyewafundisha, na ukuta mmoja ulichorwa na wawili: mdogo akianzia kushoto, mkubwa akianzia kulia, hadi wakutane katikati. Tangu wamzike mama hawajakaa chumba kimoja. Inspekta hakumlaumu. Yeye mwenyewe nyumbani hupokewa na redio tu, na ndugu zake wote wako hai.

Dada mtu, fundi cherehani, alifungua mlango bila kuuliza ni nani. Kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu. Nyuma yake picha iliegemea ukuta, na upande wa kulia sasa ulikuwa umejaa. Mistari ilikutana katikati bila kupishana hata kidogo.

"Umeichukua wewe?"

"Mimi, afande. Nilibisha, hakuwepo, nikafungua."

"Kwa nini?"

"Niliiona gazetini. Upande wake umejaa, wangu kauacha wazi. Nikajua ananiita. Nikangoja simu, wapi. Nikasema huyu anaona haya, mimi ndiye mkubwa, acha niende." Akamgeukia mdogo wake. "Si ulikuwa unaningoja?"

Mchoraji angeweza kudanganya. Inspekta aliomba moyoni adanganye.

"Ilikuwa imekwisha, dada. Niliiacha hivyo makusudi. Wanunuzi wanapenda pawe wazi."

Dada mtu akakaa kwenye kiti cha cherehani. Inspekta akaeleza kwa upole kwamba mwenye mali akisamehe, mambo yanaweza kuishia hapahapa. Mchoraji akasema haraka kuwa amesamehe, huku akikwaruza udongo mbichi kwa ukucha aone kama utatoka.

Dada yake alimtazama akikwaruza. Kisha akainuka, akavaa viatu.

"Twende tu kituoni, afande," alisema. "Huko angalau mtaniuliza maswali."