Picha ya Asubuhi

Kila akitoka shule, Chapuchapu alipitia dukani kwa shangazi yake, wanapochapa barua na kutoa kopi. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, kwa sababu hata chai aliinywa kabla haijapoa, kisha akalalamika kwamba imemuunguza.

Siku moja alipitia asubuhi pia, kabla ya masomo, akafungua kwenye kompyuta ya dukani ukurasa wa habari za mtaa. Akakuta picha ya mwanamume mwenye kovu kidevuni. Chini yake paliandikwa: "Anatafutwa. Jana amemvamia mwanafunzi na kumvunja mkono." Moyo ulimpasuka, maana jina la mwanafunzi lililotajwa hapo lilikuwa la rafiki yake wa darasani. Kisha wateja wakaja, shangazi akafungua kurasa nyingine kwenye kompyuta ileile, naye akaenda zake shule.

Aliporudi saa tisa, shangazi alikuwa chumba cha nyuma akibadilisha wino wa mashine. Chapuchapu akabofya kishale cha kurudi nyuma mara mbili tatu. Picha ile ikatokea papo hapo.

Wakati huohuo akaingia mnoa visu mmoja, gurudumu lake la kunolea begani.

"Hujambo, binti? Nitolee kopi mbili za kitambulisho."

 Chapuchapu alitazama kidevu cha mtu huyo, akatazama kioo cha kompyuta. Kovu lilelile! Akachomoka mbio hadi barazani.

"Ni yeye! Aliyemvunja mtoto mkono yumo humu!"

Hakuna aliyeuliza swali. Muuza nyama wa jirani alifika wa kwanza na fimbo, fundi baiskeli akafuata. Walimburuta mnoa visu hadi nje, wakamwangusha. Mateke yakamshukia mbavuni, fimbo ikampasua juu ya jicho, damu ikamjaa usoni. Mtu mmoja alilipigiza gurudumu lake ukutani likavunjika. Kila alipofungua mdomo kusema, alipigwa ngumi ya mdomo. Chapuchapu alisimama mlangoni akitazama. 

Shangazi alitoka ndani mikono imejaa wino, akapenya katikati yao na kumlalia yule mtu. Fimbo iliyofuata ilimpata yeye begani.

"Mnaua mtu mlangoni kwangu! Nani kawaambia ni yeye?"

"Mtoto wako!" alifoka muuza nyama. "Na picha niliiona mtandaoni asubuhi!"

Shangazi akawaita waje waone. Akabofya kile kishale kilichojikunja duara, cha kufungua ukurasa upya. Picha ikatoweka. Mahali pake pakaja maneno, naye akayasoma kwa sauti: "Tunaomba radhi. Picha tuliyoweka asubuhi si ya mhusika. Aliyetenda kosa hilo amekwisha kukamatwa." Yaliandikwa saa nne asubuhi.

Muuza nyama aliitazama fimbo yake kama vile ameikuta mkononi mwa mtu mwingine. Wengine wakaanza kunyata.

"Hakuna kuondoka!" shangazi aliwaka. "Mliompiga ndinyi mtakaombeba."

Zahanati walimshona nyuzi saba. Ubavu mmoja ulikuwa umevunjika. Polisi walipokuja kuuliza, kila mkubwa alimnyooshea mwenzake kidole. Chapuchapu angeweza kabisa kunyamaza. Lakini alisogea mbele, akasema huku akilia, "Mimi ndiye niliyepiga kelele."

Njiani kurudi, alimuuliza shangazi, "Mbona mimi niliiona picha, na wewe ukaona mengine?"

"Ukifungua ukurasa, kompyuta hujiwekea nakala, ili ukirudi nyuma usisubiri. Wewe uliletewa nakala ya asubuhi. Wenye ukurasa walisharekebisha, lakini nakala yetu haikujua."

Waliompiga walishtakiwa. Fundi baiskeli alilitengeneza gurudumu kabla hata hajaambiwa. Chapuchapu alipita duka kwa duka wiki nzima, akieleza kwamba mnoa visu hana kosa, na kwamba yeye ndiye aliyemsingizia. Baadhi ya watu walimfukuza. Alirudi kesho yake.

Mwisho wa wiki shangazi alimpeleka kwa mnoa visu. Walimkuta kitandani, jicho moja bado limevimba.

"Shikamoo, baba. Nisamehe. Kompyuta ilinidanganya."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusamehe, ila hilo la kompyuta sikubali." Alijigeuza taratibu akishika ubavu. "Yenyewe ilikuonyesha ya asubuhi tu. Haikukutuma barazani. Siku nyingine ukiona jambo la kumtia mtu hatiani, kwanza fungua ukurasa upya. Halafu mwite mtu mzima. Halafu niulize mimi mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mbele yako, binti. Ningekujibu."