Bidoni Isiyonuka Dawa

Kila asubuhi, kabla jua halijatokeza juu ya milima ya Rwanda, Kasoki alichukua bidoni ya manjano ya lita ishirini na kuteremka kutoka mtaa wa Murara, mjini Goma, hadi ziwani. Bomba la mtaa wao lilikuwa limekauka tangu Septemba. Kasoki alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliijua hatua kwa hatua: kuteremka, kujaza maji, kupanga foleni ya dawa, kisha kupanda taratibu na mzigo mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso.

Dawa ilitiwa na Papa Bashige, mzee mwembamba aliyevaa koti la bluu. Alivuta klorini kutoka kwenye ndoo kwa bomba la sindano lisilo na ncha, akaitia katika kila bidoni, kisha akasema maneno yale yale.

"Nusu saa, halafu mnakunywa. Si dakika ishirini na tisa!"

Nyuma yake palisimama ubao ulioandikwa namba yake ya simu kwa rangi nyekundu. Watoto waliokuwa wakisubiri waliigeuza kuwa wimbo. Waliimba tarakimu zake kwa Kifaransa, jinsi walivyofundishwa hesabu shuleni, mpaka Papa Bashige akawatishia kwa kata ya maji.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tisa Desemba foleni ilifika hadi barabarani. Kila nyumba ilikuwa ikiweka akiba ya maji ya Bonane, sikukuu ya mwaka mpya. Kasoki alihesabu bidoni zilizokuwa mbele yake: arobaini na tatu.

"Unasukwa saa ngapi?" akauliza rafiki yake Bénita.

"Saa mbili. Dada yako amesema nikichelewa nafasi yangu anampa mtu mwingine."

"Basi utafika Kigali na kichwa kama ufagio!" Bénita akacheka. "Watakuuliza kama umekuja kufagia stesheni."

Kasoki hakucheka. Kesho yake angevuka mpaka kwa mara ya kwanza maishani. Mama mkubwa Kaswera, dada ya mama yake, alikuwa amewaalika kula Bonane kwake Kigali. Tangu Novemba Kasoki alikuwa akihesabu siku. Akazitazama tena bidoni zile arobaini na tatu, akainama, akaweka kamba kwenye paji la uso.

"Weye! Na dawa?"

"Tazama maji yenyewe. Ni meupe kama kioo."

Hilo lilikuwa kweli. Maji yalikuwa meupe. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakionekani kwa macho, hata katika maji yanayong'aa kama kioo, na Kasoki alikuwa amefundishwa jambo hilo darasani.

Nyumbani, mama yake, Katungu, alimimina maji kwenye jagi, akasita, akalinusa.

"Mbona leo hayanuki dawa?"

"Papa Bashige ametia kidogo tu, mama. Watu walikuwa wengi."

"Na nusu saa imepita?"

"Imepita."

Mama alimpa Élisée, mdogo wake Kasoki mwenye miaka mitano, kikombe kilichojaa. Kisha yeye mwenyewe akanywa. Kasoki alisema hana kiu, akakimbilia kusukwa.

Siku ile alisukwa vizuri sana. Akiwa ameinamisha kichwa, alifikiria pia jambo la tarehe thelathini na moja. Katika familia yao kulikuwa na desturi waliyoiita kufagia mwaka. Jioni ya mwisho ya Desemba, kabla ya sala, kila mtu alitaja kosa moja alilolifanya mwaka ule, ili asiingie nalo katika mwaka mpya. Mwaka huu wangefagia Kigali, mbele ya mama mkubwa. Kasoki alikuwa ameshachagua kosa lake: vijiko viwili vya sukari alivyovilamba mwezi wa tatu. Lilikuwa kosa jepesi, lisilomdhuru mtu.

Asubuhi ya safari, mama alijaza chupa ya njiani kutoka kwenye bidoni ile ile. Maji yaliyobaki, zaidi ya nusu, aliyabeba mwenyewe hadi mlango wa jirani. Jirani huyo aliitwa Umuhoza, lakini mtaani wote walimwita Mama Fiston, kwa sababu ya mtoto wake wa miezi minane.

"Nyumba tunaifunga. Chukua haya, usihangaike kwenda ziwani na mtoto mgongoni," mama alisema. "Yana dawa tayari."

"Mungu akulinde, Mama Kasoki."

Kasoki alisimama hatua nne kutoka pale. Mdomo wake ulifunguka. Aliona mizigo imefungwa, akamwona dereva wa pikipiki akingoja, akaufunga.

Walivuka mpaka wa Petite Barrière kwa miguu. Walinawa mikono, wakapimwa homa, wakaonyesha karatasi zao, na mara wakawa nchi nyingine. Barabara ilikuwa laini na taka hazikuonekana. Kasoki alikuwa ameingoja saa hiyo kwa wiki nane, lakini hakuifurahia hata dakika moja, kwa sababu Élisée alikuwa ameketi chini kando ya njia, akishika tumbo.

"Inuka, mwanamume wa safari," mama alimtania. "Au unataka Kigali ije hapa?"

Katika basi Élisée aliomba maji. Mama akampa. Baada ya muda akaomba tena. Walipokuwa wamesafiri kama saa moja na nusu, mtoto alijichafua, na kilichotoka hakikuwa kama cha kuhara kwa kawaida. Kilikuwa maji matupu, meupe, kama maji yaliyooshea mchele. Akatapika. Akajichafua tena. Abiria mmoja alipaza sauti, na dereva akasimamisha basi mbele ya kituo cha afya cha mji mdogo ambao Kasoki hakuujua jina.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Niyitegeka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili alikijua kwa kuwa aliwahi kuishi Goma. Aliibana ngozi ya tumbo la Élisée kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi haikurudi mahali pake. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Alilia, lakini machozi hayakutoka.

"Tangu lini?"

"Asubuhi tu, pale mpakani! Jana alikuwa anacheza mpira," mama alisema.

Muuguzi alitafuta mshipa wa mkono wa kushoto, akaukosa. Akatafuta wa kulia, akaukosa. Wa tatu, juu ya mguu, ndio uliokubali. Alifungulia maji ya dripu yakatiririka badala ya kudondoka.

"Atapona, muganga? Niambie ukweli."

"Amepoteza maji mengi. Tukiyarudisha haraka kuliko anavyoyapoteza, atapona. Tukishindwa, hapana. Sasa nijibu. Tangu jana amekunywa maji gani?"

"Maji yetu yana dawa," mama alisema upesi. "Ni maziwa aliyokunywa pale stesheni. Yule mwanamke ametuuzia maziwa mabovu!"

"Maziwa aliyakunywa saa ngapi?"

"Saa tano, kabla basi halijaondoka."

"Na tumbo lilianza mpakani, kabla ya stesheni. Basi si maziwa." Muuguzi alichukua kalamu. "Maji hayo yenye dawa, nani aliyakunywa?"

"Sisi sote."

"Mmoja mmoja, mama."

"Mimi, vikombe viwili. Élisée, sijui, vitano, sita. Kasoki..." Mama aligeuka polepole. "Kasoki, wewe hukunywa. Jana ulisema huna kiu. Na leo pia, kwenye basi."

Muuguzi naye akageuka, kalamu mkononi.

Kasoki aliuona uongo mwingine ukimngoja, umeiva, mwepesi kuliko ule wa kwanza. *Sikuwa na kiu, mama.* Maneno manne tu, na hakuna ambaye angeweza kuyapinga. Lakini mbele ya macho yake ilisimama bidoni ya manjano, mlangoni kwa Mama Fiston.

"Sikunywa kwa sababu nilijua," alisema. "Maji hayana dawa. Foleni ilikuwa ndefu, niliiruka. Nilikudanganya, mama. Na Mama Fiston anayo."

Mama hakupiga kelele; alianza kupekua mkoba akitafuta simu.

"Mama Fiston ni nani?" akauliza muuguzi.

"Jirani," Kasoki alisema. "Ana mtoto wa miezi minane."

"Simu. Sasa hivi."

Simu ya mama ilikuwa ya Kongo, huku haikushika mtandao, na tena ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Muuguzi alitoa yake. Mama alimtajia namba ya Mama Fiston, naye akaipiga kwa msimbo wa Kongo. Haikupatikana. Murara haikuwa na umeme tangu Krismasi. Akapiga tena. Haikupatikana. Mara ya tatu, ya nne. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini, wakati ambapo Mama Fiston humkorogea mtoto uji. Kasoki alijua, kwa kuwa mara nyingi ndiye aliyeishika sufuria.

"Hamna mtu mwingine wa karibu?"

Mama alitikisa kichwa. Baba yao alikuwa Butembo kwa biashara. Namba nyingine hakuikumbuka hata moja.

Ndipo midomo ya Kasoki ilipoanza kucheza. Mwanzoni muuguzi alidhani msichana anasali. Kumbe alikuwa akiimba, kwa sauti ya chini na ya kukatika, tarakimu kumi kwa Kifaransa. Muuguzi alizibonyeza moja baada ya nyingine.

"Allô?" ikajibu sauti. "Bashige, wa pale kwenye maji."

Kasoki aliichukua simu kwa mikono miwili. Akasema jina lake, akasema alichokifanya, akaieleza nyumba: nyuma ya kanisa, mlango wa bati la kijani. Papa Bashige hakumuuliza kwa nini. Alisema tu, "Nakwenda," kisha wakasikia pikipiki ikiitwa.

Dakika thelathini na tano zilipita. Simu ilipolia, Papa Bashige alikuwa akihema. Mtoto hakuwa amepewa. Mama Fiston alikuwa amechelewa kuwasha makaa, na maji ya uji yalikuwa bado kwenye kikombe. Lakini yeye mwenyewe, baada ya kufua, alikuwa amekunywa vikombe viwili.

Usiku ule Élisée alimaliza mifuko minne ya dripu. Mama naye alipewa dawa, kwa kuwa mtu anaweza kubeba kijidudu bila kuumwa. Kasoki alipewa kazi ya kumnywesha mdogo wake maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika. Kila alipolala, alimwamsha. Hakumwomba mtu mwingine ampokee.

Jioni ya tarehe thelathini na moja, Élisée alilia kwa sababu ya njaa, na safari hii machozi yalitoka. Mama mkubwa Kaswera alikuwa amekuja kutoka Kigali na sufuria ya ndizi. Uani mwa kituo, mama alisema, "Tufagie mwaka."

Kila mmoja alisema lake. Zamu ya Kasoki ilipofika, vijiko vya sukari havikumjia hata akilini. Alitaja yote: foleni, harufu, nusu saa, na zile hatua nne kutoka kwa mlango wa Mama Fiston.

"La mwisho ndilo baya kuliko yote," alisema. "Pale nilikuwa bado naweza kusema."

"Ndiyo," mama alijibu. Hakumwambia kwamba si kitu. "Lakini jana uliweza tena, na ukasema. Hilo pia lilitokea mwaka huu."

Siku ya Bonane habari zilifika: Mama Fiston ameanza kuhara alfajiri. Kwa kuwa alikuwa ameonywa, hakungoja hata saa moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye kituo cha matibabu. Alilazwa siku tatu, na mtoto akalelewa na majirani.

Kigali Kasoki hakuiona. Walirudi Goma tarehe tano Januari, na asubuhi ya tarehe sita alisimama kwenye foleni, nyuma ya bidoni ishirini na nane. Papa Bashige alitia dawa yake. Kisha, Kasoki alipokuwa akifunga kamba, akamwambia, "Nusu saa."

"Si dakika ishirini na tisa," Kasoki akajibu.

Bidoni ile hakuipeleka kwao. Aliiweka mbele ya mlango wa bati la kijani. Mama Fiston alitoka, amekonda, mtoto mgongoni. Aliitazama bidoni, akamtazama Kasoki. Akafungua kifuniko, akainama, akanusa kwa muda mrefu. Kasoki alisimama pale akingoja, uso ukimwaka.

"Nitakuwa nanusa kila siku," Mama Fiston alisema akinyanyuka. "Usikasirike, mwanangu. Sikuchukii. Ulipopiga simu ulimwokoa huyu niliyembeba, sitasahau. Lakini uaminifu ni kama maji ya Murara: hupandishwa kutoka mbali, kidogo kidogo, na humwagika mara moja. Umeumwaga. Sasa utaupandisha tena."

"Ndiyo, mama."

"Na jambo jingine. Maji yakiwa na ugonjwa hayawezi kusema, kwa sababu hayana mdomo. Mtu anao. Ukiona hatari ukanyamaza, huna tofauti na ile bidoni."

Kisha akajaza kikombe, akaangalia saa kwenye simu yake, akasubiri dakika zilizobaki za ile nusu saa zitimie. Alikunywa nusu. Nusu nyingine akampa Kasoki, na Kasoki akanywa.