Choroko za Chini ya Sufuria

Kila asubuhi kengele ya misheni ilipolia, Tekla alikuwa amekwisha teka maji, amefagia ua na kusukwa nywele na mama yake huku akilalamika kwamba anavutwa mno. Kisha alikimbilia jikoni kwa Bi Marselina, mpishi wa misheni. Jiko lenyewe lilikuwa mafiga matatu makubwa chini ya paa la makuti, na juu yake sufuria ya shaba iliyoazimwa kwa Bwana Bahadurali, mwenye duka mjini Bagamoyo. Zamani sufuria hiyo ilipikia pilau za arusi. Mwaka ule hapakuwa na arusi.

Vita vilikuwa vimezuka pwani kati ya Wadachi, ndio Wajerumani, na wenyeji. Watu wa mjini na wa mashambani, wa kila dini na kila upande, walikimbilia kwenye uwanja wa misheni na kujijengea vibanda. Chakula chao kilikuwa uji wa mchele na choroko. Mchele ulitoka Bombei, choroko zilitoka Unguja, na wengi wa waliovichanga hawakupata kuiona Bagamoyo hata siku moja.

Tekla, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekabidhiwa upawa. Na mtoto akishakabidhiwa upawa, jamani, hujiona mtu mzima! Alisimama mbele ya foleni ameinua kidevu, akiitikia salamu kama mke wa liwali.

Alikuwa na siri moja. Uji ule ulikuwa mwepesi juu, lakini choroko zilizama chini. Upawa ukigusa juu juu, hutoka maji meupe. Ukizamishwa, hutoka chakula. Watu wote Tekla aliwazamishia, isipokuwa mmoja: Bi Mina, mke wa Mwishehe. Mwishehe alikuwa katika kundi la wapiganaji waliochoma nyumba ya bibi yake Tekla kule Makurunge. Bibi aliokoka na kaniki aliyoivaa tu, na kila alipoikumbuka nyumba yake alilia. Tekla alimpenda bibi yake kupita kiasi, na hasira ilimkaa rohoni.

Basi kila Bi Mina alipofika na kifuu chake cha nazi, mtoto wake mchanga Alawi amefungwa mgongoni, Tekla alichota juu juu.

"Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie," Bi Mina alisema kila mara, akaenda zake.

Siku zikapita. Watoto wengine walianza kunawiri na kukimbizana uwanjani. Alawi alilegea. Kwanza alilia sana, halafu akaacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha Bi Marselina. Alimfuata Bi Mina pale pale kwenye foleni.

"Homa hana, wala haharishi," alisema akimpapasa mtoto. "Mina, maziwa yanatoka?"

"Yamekauka, dada."

"Yanakaukaje, nawe unakula kila siku?"

Bi Mina akainamisha kichwa. Bi Marselina akakitazama kifuu alichoshika, ambacho Tekla alikuwa amekijaza muda huo huo. Akakichukua. Kisha akachukua na kifuu cha Tekla mwenyewe, kilichowekwa kando kuwa chakula chake, akaviweka viwili hivyo juu ya kinu kilichopinduliwa. Kimoja kilijaa choroko. Katika kingine mtu angeweza kujitazama uso.

Hakumgombeza. Tekla angependa agombezwe, ayamalize.

"Mumewe alimchomea bibi nyumba!" akapasuka, machozi yakimtoka.

"Na huyu Alawi alishika kijinga cha moto?"

Tekla akamtazama mtoto. Vidole vyake vyembamba vilikuwa vimelala tu kwenye bega la mama yake. Je, akifa? Hofu ikamwingia Tekla.

"Hakushika," alinong'ona. Akakitwaa kifuu chake kilichojaa, akampa Bi Mina kwa mikono miwili.

Foleni ilipokwisha, Bi Marselina alimketisha Tekla karibu na mafiga. "Mimi nilipotolewa katika chombo cha watumwa sikuweza hata kusimama. Aliyeninywesha uji hakuuliza kwetu ni wapi, wala baba yangu alimfanya nani nini. Angeuliza kwanza, nisingekuwapo. Sasa niambie, kesho Mina atakuja tena, na hasira yako bado ipo. Utafanyaje?"

Tekla alifikiri sana. "Afadhali nisimwone," alisema mwishowe. "Vifuu vyote vinafanana. Watu waviweke mkekani, wakae kando. Nitakoroga, nijaze vyote bila kujua ni cha nani. Changu kiwe cha mwisho."

Bi Marselina akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Kumbe una akili! Ulikuwa umeifungia wapi?"

Kesho yake ikawa hivyo. Tekla alikoroga mpaka mkono ukamwuma, na upawa ulizama kwa kila kifuu. Maziwa ya Bi Mina yakaanza kurudi kidogo kidogo. Asubuhi moja Alawi alipiga kelele za njaa, kali kweli kweli, hata uwanja mzima ukacheka kwa furaha.

Tekla akamwendea mama yake Alawi. "Shikamoo, Bi Mina."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuwa nakuchotea maji ya juu. Kwa makusudi. Naomba radhi."

"Nilijua tangu mwanzo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Upawa ulikuwa mkononi mwako. Ningekuudhi, ningepata hata hayo maji?" Akamfungua Alawi mgongoni. "Yamekwisha, mwanangu. Hebu nipokee mtoto, nikachukue kifuu changu."

Tekla akampokea, akamkumbatia kwa nguvu. Bi Marselina, aliyekuwa amesikia yote, akamsogelea.

"Umemsikia? Mwenye njaa atakushukuru hata ukimdhulumu, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Basi ukimsaidia mtu, usiridhike na shukrani zake. Tazama ndani ya kifuu chake. Haya, mrudishie mama mtoto wake, uje ukoroge."

Tekla akarudi kwenye sufuria, akauzamisha upawa mpaka chini kabisa.