Kopo Lisilo na Lebo

Kaka yangu ana duka la vipodozi. Nyuma ya duka kulikuwa na ndoo, mwiko na makopo yasiyo na lebo. Huko alikuwa akichanganya krimu za kung'arisha ngozi, ndiyo maana mtaa mzima humwita Profesa. Shule yenyewe aliikimbia mapema, lakini usimwambie.

Mke wake, wifi yangu, alipopata mimba, uso ulimtoka madoa meusi. Kaka akamletea kopo zima. Anampenda mkewe, hilo silibishi. Wifi akawa anapaka asubuhi na jioni.

Mimba ilipofika mwezi wa sita nilimsindikiza kliniki. Mkunga alipima tumbo kwa utepe. Akapima tena. Kisha akashika mkono wa wifi, akatazama vidole.

"Mama, uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi. Unapaka nini?"

Wifi akainama. Mimi nikadakia, maana mdomo wangu hauna breki. "Krimu ya mume wake. Lakini ni ya kupaka tu, dada, hainywewi."

"Ngozi nayo inakunywa," alisema mkunga. "Krimu nyingi za aina hii zina dawa kali ya homoni. Ikizidi, inamfikia mtoto. Tumbo hili ni dogo kuliko miezi yake."

"Mtoto wangu atakufa?" wifi aliuliza.

"Anacheza vizuri, na muda tunao. Ila nisikilize. Tumboni ndiko mwili unakojipanga: moyo, figo, hata namna ya kutumia sukari. Homoni ikizidi sasa, mtoto anaweza kuzaliwa mdogo. Akiwa mtu mzima, presha na kisukari vinaweza kumpata kwa urahisi zaidi. Si lazima, lakini kwa nini tumbebeshe mzigo huo?"

"Basi naacha leo."

"Umepaka muda mrefu, usiache kienyeji. Daktari atakuelekeza namna ya kuacha salama. Na hilo kopo lije."

Jioni tulipomweleza, Kaka alikuja juu. "Wateja wangu wote wanapaka. Nani ameumwa?"

"Mtoto wako hakui," wifi alimjibu taratibu.

Asubuhi Profesa alipeleka makopo yote kliniki mwenyewe. Siku hizi anauza mafuta yenye lebo tu.

Wifi alifuata maelekezo ya daktari. Kila kliniki, utepe ulisogea mbele. Akajifungua mtoto wa kilo tatu, mwenye sauti ya kuamsha wodi.

Mama yetu alikuja kumwona mjukuu. Akafunua shuka, akakagua rangi ya masikio. "Huyu atakuwa mweusi," alisema. "Tutampaka nini?"

Kaka akamchukua mwanawe.

"Hapakwi kitu, mama. Mwache akue."