Tochi ya Kushika kwa Meno

Karambu aliingia dukani kwa Njuki jua likimalizikia nyuma ya posho mili, kinu cha unga cha Karurumo, na hata hakusalimia. Alisema tu, "Nipe tochi."

Njuki, mwenye duka, alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukimwomba chumvi anakuuliza unapika nini. Akashusha tochi yake kubwa ya bati, ile ya mawe matatu ya betri, akaiwasha kuelekea nje. Mwanga ukavuka barabara ukaenda kugonga ukuta wa kanisa.

"Hii, Mama Kaari, ukimulika mwizi anaanguka peke yake."

"Hapana. Inaonekana mbali."

"Ala! Kwani tochi si ya kuonekana?"

Karambu alisogea pembeni mwa kaunta. Alikuwa ameona boksi la vile vitochi vidogo vilivyokuwa vimeingia mwaka huo kutoka Nairobi, vya kuning'iniza kwa funguo, unene wa kidole. Watu walivinunua kwa maringo tu. Yeye akamwaga boksi lote kwenye kaunta, akaanza kuchagua kimoja kimoja kama anayechambua maharagwe. Cha kwanza kilitaka ukibonyeze na kidole ndipo kiwake. Ukiachilia, giza. Akakitupa kando. Cha pili kilikuwa cha chuma. Akakitia mdomoni, akakiuma kwa magego, akainamisha kichwa. Kikateleza, kikaanguka. Akajaribu cha plastiki nyekundu, ambacho ukizungusha shingo yake kinawaka na kubaki kimewaka. Hicho kilishika menoni. Akainama mbele ya kaunta, mikono yote miwili mitupu, akaichezesha chini kama mtu anayechimba.

Watu waliokaa kwenye benchi la duka walikuwa wakimwangalia.

"Mama Kaari," Njuki akasema, "unanunua tochi ama muwa?"

Kicheko kikapasuka. Karambu naye akacheka kidogo, maana asingecheka angelia, na akianza kulia leo hangenyamaza. Akalipa, akatoka na tochi yake kwenye kiganja.

Nyumbani mume wake alikuwa anakufa. Tuseme hivyo tu, hakuna haja ya kuzunguka. Muchangi, mzee wa kanisa, mtu aliyekuwa akibeba gunia la kahawa mpaka kiwandani bila kupumzika njiani, sasa alikuwa mwepesi kiasi cha Karambu kumgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Hospitali ya Embu walimpima damu, wakampima makohozi, wakasema hawaoni kitu. Sauti ilikuwa imemtoka kabisa. Alikuwa akisema kwa midomo tu, na tangu jana hata uji wa wimbi ulikuwa ukimwagikia shingoni.

Asubuhi ya siku hiyo Karambu alimdanganya kwamba anaenda kutafuta dawa, na kwa njia yake haukuwa uongo. Aliteremka nyanda za chini, njia ya Ishiara, kwa mganga mmoja aliyeambiwa habari zake. Muchangi angejua angekataa hata kwa macho. Alikuwa mlokole wa kweli yule mtu. Lakini wewe ukiona mumeo anakwisha hivyo mbele yako, utafanyaje?

Mganga hakumtazama usoni. "Kilichomroga mumeo kiko chini ya ghala la mama yake," alisema. "Kimezikwa na mtu anayekula naye. Mwezi mpya usionekane kama bado kiko ardhini. Kitoe, ukakitose kwa maji yanayotembea. Kabla hujafika mtoni utaitwa. Mtu wa boma hilo asiitike. Na wewe usitoe sauti hata ya kikohozi, ama umemzika wewe."

Mtu anayekula naye. Karambu alilitafuna neno hilo njia nzima ya kurudi. Boma lilikuwa la watu watatu tu. Binti yao Kaari alikuwa shuleni, bweni. Walibaki yeye, Muchangi, na mama mkwe wake, Ciakuthii. Na Ciakuthii hakuwahi kuficha kwamba alitaka mwanawe aoe hapa hapa Embu, si kwenda kuokota mke huko Kiirua, Meru. Basi nani mwingine?

Bahati ilikuwa moja. Siku hiyo Ciakuthii alikuwa kwenye maombi ya akina mama ng'ambo ya mto, na huwa hawatoki huko mpaka giza liingie. Kazi ilikuwa lazima iishe kabla hajarudi. Ghala liko uwanjani, ng'ambo ya bonde kuna majirani wenye macho, na mwanga mkubwa ungeuliziwa kabla hajachimba hata shimo la kuku. Tena chini ya ghala ni kwa kutambaa, huwezi kuchimba kwa mikono miwili na bado ukashika taa. Ndiyo maana ya tochi ya kushika kwa meno. Na kuna jambo jingine lililomtuliza: mdomo uliojaa tochi hauwezi kuitika.

Kuhusu Muchangi hakuwa na wasiwasi. Mtu asiye na sauti ataitikaje?

Alipofika nyumbani alichungulia chumbani kwanza. Muchangi alikuwa amelala chali chini ya dirisha, macho yamefumbwa. "Nakuja sasa hivi, Baba Kaari," akamnong'oneza. Hakujibiwa.

Akachukua panga, akazunguka nyuma ya nyumba. Giza lilikuwa linaingia sasa. Ghala lilisimama juu ya mawe karibu kabisa na ukuta wa chumba cha Muchangi. Akalala kifudifudi, akazungusha shingo ya katochi, akakauma, akatambaa ndani.

Kaduara ka mwanga hakakuwa kakubwa kuliko sahani. Juu yake panya walikuwa wakikimbia kwenye mahindi. Akachimba. Mate yakamjaa, yakachuruzika kwenye plastiki mpaka kidevuni, taya zikaanza kumuuma. Akachimba hapa, hakuna. Akachimba pale, jiwe. Ee Mungu, kama yule mzee alinidanganya... Akaendelea kuchimba, udongo ukimwingia kwenye kucha.

Panga likagonga bati.

Ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupaka, umefungwa kwa kitambaa. Akakifungua kwa vidole vyenye udongo. Ndani kulikuwa na nywele fupi, kucha zilizokatwa, na kifungo cha lile koti la arusi la Muchangi, kifungo alichokitafuta nyumba nzima akakikosa. Vyote vimeshikamana kwa kitu cheusi chenye kunata. Harufu ilimpanda puani kama nywele zilizoungua.

Karambu alilia hapo kifudifudi, tochi mdomoni, bila sauti. Amekipata. Amekipata! Kilichobaki ni mto tu, na mto hauko mbali. Muchangi atakunywa uji kesho.

"Karambu..."

Akaganda.

Sauti ilitoka kwenye migomba. Ilikuwa ya Ciakuthii, ile ile, yenye mkwaruzo kidogo wa uzee.

"Karambu... uko wapi?"

Lakini Ciakuthii hakuwa amemwita Karambu tangu Kaari azaliwe. Alimwita Mama Kaari, hata akiwa amekasirika, hata wakigombana. Jina la Karambu lilibaki huko Kiirua kwa kina mama yake. Akauma tochi mpaka plastiki ikalia menoni.

Majani makavu ya migomba yakavunjika... kidogo kidogo... Kitu kilikuwa kinatembea. Hakikuwa na haraka. Ile harufu ya nywele zilizoungua ikazidi, na sasa haikutoka kwenye mkebe. Aliona kwa pembeni, pale mwanga unapokomea, kitu kama pindo la sketi. Halafu hakukuwa na kitu.

"Karambu, si nakuita?"

Hakuitika. Hakupumua. Nyayo zikampita, zikaenda mpaka ukutani, zikasimama chini ya dirisha la Muchangi.



"Muchangi, mwanangu." Sasa sauti ilikuwa ya mama aliyeumizwa, aliyechoka. "Mke wako yuko wapi? Namwita, namwita, haitiki. Nimekosa nini mimi?"

Haki ya Mungu, moyo wa Karambu ulisimama. Maana alimjua mume wake. Muchangi ni mtu aliyelelewa hivi, kwamba mama haiti mara mbili. Katika ndoa yao yote, mama akiita na Karambu akichelewa, Muchangi ndiye huitika kwa niaba yake. Anakuja, mama. Yuko jikoni, mama. Ni heshima, na ni kumfunika mke pia, asisemwe vibaya. Na Karambu hakumwonya. Alificha safari ya mganga, akaficha na onyo lake.

Akipiga kelele sasa, amevunja mwiko, amemuua. Akinyamaza...

Hana sauti, akajiambia. Hana sauti, hana sauti. Akashika panga akaanza kugonga jiwe la ghala kwa nguvu zote, kang, kang, kang, angalau asisikie, angalau ajue kuna jambo.

"Yuko huku nyuma, mama!"

Ilikuwa sauti ya Muchangi. Ya zamani, nzito, ya kusomea neno kanisani.

"Karambu, mama anakuita!" Halafu, kwa upole, "Msamehe, mama. Mimi niko. Ingia."

"Haya," ile sauti ikasema. "Basi umeniitikia wewe."

Mlango ukalia.

Karambu alitema tochi. "Muchangi usiitike! Muchangi!" Alipiga mayowe akitambaa kinyumenyume, mbao za ghala zikimchana mgongo, akaokota tochi kwenye udongo, mkebe bado ameukumbatia. Akazunguka nyumba mbio. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa giza.

Akamulika. Ole wake na katochi kale! Kalimwonyesha mume wake vipande vipande. Mguu. Blanketi. Mkono umening'inia. Akapandisha mwanga, hataki kupandisha, akapandisha. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama mtu aliyekatizwa neno.

Akamshika shingoni. Baridi. Si baridi ya mtu aliyekufa sasa hivi. Alikuwa ameshakauka, vidole havikunjiki, kama aliyekufa tangu mchana.

Basi ni nani aliyeitika?

Karambu aliketi chini kando ya kitanda. Hakulia. Kulia kulikuwa mbali sana. Alikaa hapo na mkebe magotini mpaka aliposikia akina mama wakiimba kwenye njia, kisha wakiagana langoni, kisha nyayo za mtu mmoja zikija mbio mbio uwanjani.

"Mama Kaari! Mama Kaari! Bwana asifiwe!"

Ciakuthii, mwenyewe sasa, alikuwa akicheka na kulia pamoja. "Mbona mmenipita mtoni hamnisalimii? Nimewaona! Mwanangu anatembea wima kama zamani, na wewe umemshika mkono! Nimewaita wala hamkugeuka. Hata sikasiriki, wacha. Mungu ni mwema! Mmefikaje hapa kabla yangu?"

Akaingia na taa yake ya mafuta, na mwanga ukajaa chumba chote kwa mara moja.

Kicheko kikakatika. Mama yule alimwangalia mwanawe kitandani. Akaangalia mlango alioingilia. Akamwangalia tena. Akashika ukuta. Halafu macho yake yakashuka mpaka kwenye mikono ya Karambu yenye udongo, na kifungo cha arusi, na nywele.

"Mama Kaari," akasema polepole, "hiyo umeshika ni nini?"

Karambu akatazama uso ule aliokuwa ameuchukia siku nzima. Alitafuta hatia humo. Aliona mama aliyefiwa tu, na macho yanayotafuta hatia kwake yeye vile vile. Akataka kumweleza kila kitu, lakini taya zilikuwa zimekufa ganzi.

"Si nakuuliza! Mama Kaari!"

"Naam, mama!"

Jibu lilitoka nje.

Lilitoka upande wa mto, mbali, tena la furaha, kwa sauti ya Karambu mwenyewe na lafudhi yake ya Meru. Karambu aliyesikiliza alikuwa hajafungua mdomo.

"Tunakuja!" sauti ikaongeza, na ya mwanamume ikacheka kando yake.

Wanawake wawili wakatazamana. Huko nje majani makavu ya migomba yakaanza kuvunjika, na safari hii nyayo zilikuwa za watu wawili.

"Mama?" ikaita ile ya kiume, karibu zaidi. "Mama, uko ndani?"

Karambu aliona midomo ya Ciakuthii ikifunguka. Mtoto wake alikuwa anamwita. Akataka kumzuia, lakini Ciakuthii alikuwa wa kwanza. Alijiuma mdomo mpaka damu ikatoka, akapiga magoti, akamziba Karambu mdomo kwa kiganja chake kigumu cha jembe, kwa nguvu, kama mtu anayejua tangu zamani kwamba mwito kama huo hauitikiwi.

Kisha akainama akaizima taa.