Sanduku Lililoharakishwa

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Mdadisi alipitia chumba cha sayansi kuangalia sanduku la kutotoleshea vifaranga. Alikuwa amelitengeneza pamoja na Chapu, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mayai yalikuwa ya kuku wa bibi yake, naye bibi aliyatoa shingo upande.

Siku hiyo sanduku lilikuwa baridi. Umeme ulikuwa umekatika alfajiri, ukarudi, lakini taa ya joto haikuwaka.

Mdadisi akafungua programu inayoliendesha sanduku kwenye kompyuta. Mistari ya mwanzo, ile inayokiamsha kipimajoto, haikuwa kama alivyoiandika. Yeye aliweka subira ya sekunde mbili ili kipimajoto kiwe tayari. Mtu alikuwa ameifuta. Kwa hiyo umeme uliporudi kipimajoto kiliulizwa kikiwa bado usingizini, hakikujibu, na programu ikaacha taa imezimwa.

Nywila ya kompyuta ile waliijua wawili tu.

Jana mwalimu alimsifu Chapu mbele ya darasa kwa wepesi wake, na yeye Mdadisi akapiga makofi bila kujua anashangilia nini.

Chapu alipoingia, kwanza alijifanya hajui. Alipobanwa akasema mwalimu alilalamika kuwa sanduku linachelewa kuwaka, naye Chapu akaifuta ile subira, akalijaribu, likawaka vizuri.

"Ulizima ukawasha papo hapo," Mdadisi alisema. "Kipimajoto hakikuwahi hata kulala. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ndiyo maana ukanizunguka?"

Chapu akainamisha kichwa.

Mwalimu aliwakuta hivyo, akasikiliza hadi mwisho. Akawashauri wasikisie muda tena. Programu ikiulize kipimajoto, ikiulize tena, mpaka kijibu. Mdadisi akaandika. Wakachomoa waya, wakangoja vifaa vipoe kabisa, wakachomeka. Taa ikawaka. Mwalimu akamulika mayai kwa tochi, moja baada ya jingine. Mishipa ya damu ilionekana bado, na ndani ya yai moja kitu kikatikisika.

"Jana nilisifu wepesi bila kuuliza umetoka wapi," mwalimu alisema. "Hilo ni kosa langu. Lako, Chapu, ni kugusa kazi ya mwenzako kwa siri, kisha ukapokea sifa. Kazi ya watu wawili haibadilishwi na mmoja. Programu tumeitengeneza asubuhi hii. Imani ya mwenzako itachukua muda zaidi, nawe usimharakishe."

Chapu akaomba radhi kwa sauti ndogo. Mdadisi akamsogezea kiti.